Maganda ya .308 yanatoka na masizi mpaka chini ya bega: shida ni baruti, ganda au chemba?

Mlenga_Shabaha ameuliza:

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo Minnesota, Marekani. Najaza mwenyewe risasi za .308 Winchester kwa bunduki ya bolti yenye mtutu wa inchi 22. Vichwa ni vya greini 150 (greini ni kipimo kidogo cha uzito). Baruti ni ya vijiti, inaungua polepole kiasi. Kipimo kiko greini 2 chini ya kile cha kuanzia kwenye jedwali la mtengenezaji wa baruti, maana nataka risasi isiyopiga bega sana, ya kufundishia vijana kulenga.

Maganda yanatoka hivi:

– Masizi yanaanza mdomoni, yanafunika shingo yote na bega lote (pale ganda linapopanuka kutoka shingoni kwenda mwilini), kisha yanateremka kama milimita 8 kwenye mwili wa ganda. Upande mmoja ni mengi zaidi.

– Fataki, vile vikombe vidogo vya kuwashia baruti, zimechomoza. Venia inasoma inchi 0.004 juu ya kitako cha ganda. Kingo zake bado ni za mviringo, hazijabapa.

– Machache yana kibonyeo begani, kama yamebonyezwa na ncha ya kidole.

– Ndani ya mtutu na kwenye magazini nakuta punje za baruti ambazo hazijaungua.

Maganda haya yameshapigwa mara sita. Kila mara yanapita kwenye dai (kalibu ya chuma) ya kurudisha mwili mzima kwenye umbo lake, urefu baada ya kukata ni inchi 2.005. Uwanjani kulikuwa na nyuzi 12 chini ya sifuri, Selsiasi. Chemba, yaani sehemu ya mtutu inamokaa risasi, imesafishwa na ni kavu.

Niongeze baruti? Nitupe maganda? Au chemba ina tatizo? Na je, kuna hatari hapa au ni uchafu tu wa kufuta na kitambaa?

---

FundiMtutu amejibu:

Mkuu, umeandika vizuri, maana wengi huja na neno moja tu, "masizi", bila kusema yalipo. Na jibu lote liko kwenye mahali yalipo.

Ganda la shaba lina kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: kubeba fataki, baruti na kichwa. Ya pili ndiyo inayokuhusu: risasi inapolipuka, kuta za ganda hutanuka na kujigandamiza kwenye ukuta wa chemba, zikaziba njia ili gesi isirudi nyuma. Presha ikishuka, shaba inarudi ndani kidogo, ganda linatoka. Kutanuka huko kunahitaji presha ya kutosha, na kunahitaji ije haraka. Shingo na bega ndiko shaba ilikokuwa nyembamba, kwa hiyo huko ndiko kunakotangulia kuziba. Kadiri unavyoshuka kuelekea kitakoni ukuta unakuwa mnene na mgumu.

Sasa soma ganda lako ukianzia juu:

Masizi shingoni tu, yakakatika kabla ya bega: kawaida kabisa. Hata risasi za kiwandani hufanya hivyo. Usipoteze usingizi.

Masizi mpaka katikati ya bega: presha iko upande wa chini, au shingo zimeanza kukomaa. Si hatari yenyewe.

Masizi yakivuka bega na kuingia mwilini, kama yako: shingo na bega havikuziba kwa wakati. Gesi ilipita kati ya ganda na chemba.

Hicho kibonyeo begani ndicho kinachofunga mjadala. Gesi iliyopita nje ya ganda ilikuta ukuta wa bega ambao ndani yake presha ilikuwa bado ndogo, ikausukuma kuelekea ndani. Wengine wakiona kibonyeo wanadhani ni mafuta mengi ya kulainishia yaliyobaki wakati wa kupitisha kwenye dai. Mafuta nayo huleta vibonyeo, kweli, lakini hivyo unaviona kabla ya kujaza. Chako kinaonekana baada ya kupiga na kimezungukwa na masizi.

Fataki kuchomoza nako ni dalili ileile. Mpangilio wake ni huu: pini inapiga, ganda linasukumwa mbele mpaka bega liguse chemba. Fataki inalipuka na kujisukuma nyuma mpaka kwenye uso wa bolti. Kwenye risasi ya presha kamili, mwili wa ganda unashika chemba, kitako kinavutika nyuma mpaka kigonge bolti na kuimeza fataki ndani tena. Kwenye risasi dhaifu kitako hakivutiki, fataki inabaki nje. Hiyo 0.004 uliyopima ndiyo nafasi iliyopo kati ya kitako cha ganda na uso wa bolti, yaani umeipima bure bila kununua kifaa. Ni nyingi kidogo kwa ganda lililopigwa kwenye bunduki hiyohiyo. Dai yako inasukuma bega nyuma kupita kiasi. Bolti inahitaji 0.001 hadi 0.002 tu.

Ongeza baridi ya nyuzi 12 chini ya sifuri na punje zisizoungua, picha imekamilika: baruti ya polepole, kipimo kidogo, baridi. Presha ya juu inayoruhusiwa kwa .308 na SAAMI, chombo cha viwango vya risasi cha Marekani, ni psi 62,000 (pauni kwa inchi ya mraba). Baruti ya aina hiyo inaungua vizuri ikikaribia huko, siyo ikiwa kwenye nusu ya safari.

---

Shaba70 amejibu:

FundiMtutu kaeleza sawasawa upande wa presha, ila naona kaliachia ganda liende bila kuhojiwa. Mara sita bila kulainishwa kwa moto ni nyingi.

Shaba ya maganda ni mchanganyiko wa asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki. Kila unapoipiga ikatanuka, kisha ukaibana kwenye dai, kisha ukaipanua tena kwa kitunguu cha kupanulia shingo, inakuwa ngumu zaidi. Shaba ngumu inahitaji presha kubwa zaidi ili itanuke, na ikitanuka inarudi ndani haraka. Kwa hiyo presha ileile iliyokuwa ikiziba vizuri kwenye ganda jipya, kwenye ganda la mara ya sita inavujisha. Ukiongeza baruti ili kulazimisha shingo ngumu izibe, umetibu dalili na ugonjwa umebaki. Baada ya mizunguko miwili shingo zitaanza kupasuka.

Usikisie, pima. Jaza risasi za namna mbili kisha uzipige siku moja, bunduki moja, baridi ileile:

Kundi A: maganda mapya, kipimo chako hichohicho cha sasa.

Kundi B: maganda yako ya zamani, kipimo kilichoandikwa kama cha kuanzia kwenye jedwali, halafu mengine greini 1 juu ya hapo, bila kuvuka jedwali. Fataki ileile, kichwa kilekile, urefu uleule wa risasi nzima.

Masizi yakipungua kwenye A, shaba ilikuwa na mchango. Yakipungua kwenye B, presha ndiyo. Yakipungua kote, ni vyote viwili, na mimi nategemea hilo.

Kuhusu upande mmoja kuwa mweusi zaidi: kabla ya kufunga bolti, chora mstari kwa kalamu ya wino kwenye kitako na uweke ganda mstari ukiwa juu kila mara. Baada ya kupiga angalia masizi mazito yako saa ngapi ukilinganisha na mstari. Yakiwa upande uleule wa chemba kila risasi, sababu ni jinsi ganda linavyolala: uzito unalipeleka sakafuni mwa chemba, na pini ya kurushia ganda, ile yenye springi usoni mwa bolti, inalisukuma pembeni. Upande wenye uwazi mkubwa ndio unaopitisha gesi. Hilo ni la kawaida kwa risasi dhaifu. Lakini masizi yakiwa yanahama ovyo, kila ganda upande wake, basi shingo zenyewe hazina unene sawa. Pima kwa maikromita yenye ncha ya duara, sehemu nne za shingo. Tofauti ikizidi inchi 0.002 ndani ya shingo moja, tenga ganda hilo.

---

Mlinzi_wa_Uwanja amejibu:

Swali la hatari halijajibiwa, na ndilo la kwanza.

Masizi yenyewe hayaumizi bunduki. Kinachonitia wasiwasi ni ule mstari wako "greini 2 chini ya kile cha kuanzia". Kipimo cha kuanzia kwenye jedwali ni mpaka, hata kama hakina alama nyekundu. Watu wengi huheshimu kile cha juu tu.

Hatari ya kwanza: kichwa kukwama mtutuni. Kichwa chenye koti la shaba kina msuguano mkubwa kuliko cha madini ya risasi tupu. Ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida au teke hafifu mno, ACHA. Usipige nyingine. Elekeza mtutu sehemu salama, subiri sekunde 30, toa bolti, chungulia kutoka upande wa chemba na pitisha fimbo ya kusafishia. Risasi ya pili ikigonga kichwa kilichokwama, mtutu unavimba au unapasuka.

Hatari ya pili si ya kawaida, lakini imeharibu bunduki: baruti ya polepole ikiwa kidogo ndani ya ganda kubwa inaweza kuwaka vibaya na kuleta presha ya ghafla kubwa kupita kiasi. Wataalamu wanabishana hadi leo juu ya jinsi inavyotokea. Watengenezaji wa baruti hawabishani juu ya ushauri: usipunguze baruti ya polepole chini ya jedwali.

Unataka risasi laini ya kufundishia? Ipo njia iliyoandikwa. Watengenezaji wa baruti Hodgdon wanaruhusu baruti yao ya H4895 ipunguzwe hadi asilimia 60 ya kipimo cha juu walichoorodhesha. Unachukua kipimo cha juu cha H4895 kwa kichwa hichohicho kwenye jedwali lao, unazidisha kwa 0.6, hapo ndipo sakafu. Kanuni hiyo ni ya H4895. Usiihamishie kwenye baruti nyingine kwa sababu tu punje zinafanana kwa macho.

Hata hivyo, elewa kwamba kwenye kipimo hicho masizi yatakuwepo. Risasi laini haiji na ganda linalong'aa. Vijana watafute shimo kwenye shabaha, weusi wa shingo tuachieni sisi.

---

PoriKwaPori amejibu:

Nasoma kutoka Arusha. Huku tunatumia risasi za kiwandani tu, hatujazi. Swali dogo: .375 H&H mpya kabisa kutoka kwenye boksi, maganda yanatoka na masizi shingoni na kugusa bega. Presha haiwezi kuwa ndogo kwenye risasi ya nyati. Kwa nini?

---

FundiMtutu amejibu:

Mkuu wa Arusha, hilo ni umbo la risasi yenyewe. .375 ni ya mwaka 1912, na ina mkanda pale juu ya kitako. Ganda linasimama kwenye mkanda huo ndani ya chemba, bega halihitaji kugusa chochote. Ndiyo maana watengenezaji wa bunduki huacha chemba iwe na nafasi ya kutosha begani, risasi iingie hata ikiwa na vumbi la porini. Na bega lake lenyewe limelala sana. Gesi inapata sekunde ndogo sana ya kuchungulia kabla shaba haijafika ukutani. Fataki ikiwa imekaa sawa na kitako, masizi yakaishia begani, piga nyati wako kwa amani.

Ukiona masizi yamefika kwenye mkanda, hapo niite.

---

Jitatu_Mstaafu amejibu:

Niongezee kwa wanaookota maganda uwanjani na kushangaa. Bunduki inayojipakia yenyewe ina tabia zake, msiipime kwa kanuni za bolti.

G3, bunduki ya kijeshi ambayo Kenya kila mtu anaijua, ina mifereji iliyochongwa ndani ya chemba kwa urefu. Imewekwa makusudi: gesi inapita kwenye mifereji, inaelea kati ya ganda na chemba, ganda linatoka bila kunata ingawa bolti inaanza kurudi presha ikiwa bado ipo. Kwa hiyo kila ganda linatoka na mistari ya masizi ya wima shingoni na mwilini. Ndiyo alama ya bunduki hiyo. Maganda yake bado yanaweza kujazwa lakini mdomo mara nyingi umebonyea kwa jinsi yanavyorushwa.

Bunduki ya aina ya AR yenye kizuia sauti nayo: gesi inachelewa kutoka mbele, bolti inafunguka, gesi inarudi kwa nyuma. Ganda linachafuka mwili mzima, magazini inachafuka, hata macho ya mpigaji yanawasha. Presha ya risasi haina kosa hapo.

Bastola: .45 ACP kikomo chake ni psi 21,000, .38 Special 17,000. Linganisha na 9mm Luger, 35,000. Risasi laini ya shabaha ya .45 kutoka na upande mmoja mweusi ni jambo la kila siku. Ukitaka kupunguza, chagua baruti ya haraka zaidi iliyo kwenye jedwali, na hakikisha shingo inashika kichwa vizuri. Kubana mdomo kwa nguvu si dawa kwa .45, kwa sababu ganda lake linasimama kwa mdomo ndani ya chemba. Ukiubana kupita kiasi linazama mbele, pini inapiga hewa.

---

Mlenga_Shabaha ameandika:

Asanteni sana wakuu. Nimepiga makundi mawili kama Shaba70 alivyoelekeza. Baridi ilikuwa karibu ileile.

Kundi A, maganda mapya, kipimo cha zamani: masizi yameishia begani, robo tatu ya bega hivi. Hakuna kibonyeo. Fataki bado zimechomoza, 0.003.

Kundi B, maganda ya zamani. Kwenye kipimo cha kuanzia: masizi yanavuka bega kidogo, milimita 2 au 3. Greini 1 juu: yanaishia kwenye kona ya bega na shingo kwa mengi, mawili yamevuka. Fataki zimekaa sawa na kitako.

Mstari wa wino: weusi mzito uko upande uleule wa chemba kila mara.

Kwa hiyo ni vyote viwili. Baruti nitahamia kwenye ile yenye ruhusa ya kupunguzwa. Sasa nielekezeni kulainisha shingo kwa moto bila kuharibu kitako. Na kitu kingine: ganda moja la zamani lina mstari mwembamba unaong'aa ukilizunguka, kama milimita 10 juu ya kitako. Ni nini?

---

Shaba70 amejibu:

Naanza na huo mstari, maana ni mkubwa kuliko masizi yote tuliyoyajadili. Ganda hilo lipige nyundo ulitupe, na ukague yote ya kundi lake.

Mstari unaong'aa hapo chini ni mahali ukuta unapopungua unene kwa kuvutika. Kila unaposukuma bega nyuma kupita kiasi, ganda likipigwa kwa presha kamili linavutika kujaza nafasi, na linavutika sehemu moja, hapo juu kidogo ya kitako. Likiendelea, linakatika vipande viwili ndani ya chemba na gesi inarudi kwa mpigaji. Hatua ya katikati ni pete ya masizi mahali hapo. Ukiona masizi yamezunguka chini karibu na kitako, ganda limeshaanza kupasuka.

Kulipima: nyoosha klipu ya karatasi, kunja ncha yake nyuzi 90 iwe na urefu wa milimita 3, isugue iwe kali. Iingize kupitia mdomoni, ikwangue ukuta wa ndani kutoka kitakoni kwenda juu. Ncha ikidumbukia kwenye mfereji na kunasa, tupa. Usiseme "litavumilia mara moja tena".

Kisha rekebisha dai. Pima ganda lililopigwa kwa kifaa cha kupimia bega kinachofungwa kwenye venia, Hornady wanacho na wengine pia. Ila tumia ganda lililopigwa kwa presha kamili, fataki ukiwa umeitoa. Yale ya risasi laini yatakudanganya kila mara: pini na mlipuko wa fataki hulisukuma bega nyuma, ganda linakuwa fupi kuliko chemba. Andika kipimo. Legeza dai kwenye presi, ishushe kidogo kidogo, mzingo wa moja ya kumi na sita kwa mara moja, mpaka bega lishuke 0.001 hadi 0.002 chini ya kipimo ulichoandika. Funga nati.

Na maganda ya risasi laini yawekee boksi lake. Yakishafupishwa na fataki namna hiyo, usiyajaze presha kamili tena, maana ndiyo unayatengenezea ule mstari kwa mikono yako.

Sasa moto.

Toa fataki zilizokwisha. Ganda lenye fataki hai au risasi nzima lisikaribie meza hiyo. Osha ganda likauke. Paka rangi ya kupimia joto, ile inayoyeyuka kwenye nyuzi maalumu: ya 399°C ndani ya shingo, na ya 246°C nje kwenye mwili, milimita 6 chini ya bega. Tumia tochi ya gesi ya propani, ncha ya mwali wa buluu wa ndani iguse makutano ya shingo na bega. Ganda liwe ndani ya soketi ndefu kwenye drili, lizunguke polepole. Rangi ya shingoni ikiyeyuka, toa. Kwa .308 na tochi ya kawaida huwa ni sekunde 5 mpaka 8, lakini rangi ndiyo saa yako. Ukishajua muda wa tochi yako, hesabu kwa sekunde zilezile kwa ganda la kampuni ileile tu, kwa sababu unene hutofautiana.

Rangi ya chini ikiyeyuka, joto limeteremka mno, ganda hilo tupa. Kitako lazima kibaki kigumu: ndicho kinachobeba psi 62,000 bila ukuta wa chemba kukisaidia. Kitako laini kinapanuka, fataki inadondoka, gesi inatoka nyuma. Njia ya kuyapasha maganda yote ndani ya tanuri ya jikoni achana nayo kabisa, inapasha kitako sawa na shingo.

Fanya kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Shingo ikianza kuwa nyekundu waziwazi umeshapitiliza, shaba inakuwa laini kiasi cha kutoshika kichwa. Kutumbukiza kwenye maji si lazima, shaba haikomazwi kwa kupozwa ghafla kama chuma. Maji yanazuia tu joto lisiendelee kuteremka, na baadaye unapata kazi ya kukausha.

Rudia kila baada ya kupiga mara tatu au nne.

---

Mlinzi_wa_Uwanja amejibu:

Nimesubiri mtu ataje masizi ya kwenye fataki, hakuna aliyetaja. Masizi yakizunguka fataki, kwenye ule ufa kati ya fataki na ganda, hiyo ni habari tofauti kabisa na ya shingoni. Hapo usiongeze hata robo greini. Ama kikombe cha ganda kinachoshika fataki kimepanuka kwa presha kubwa za nyuma, ama fataki imetobolewa na pini. Fataki ikiingia kwa kidole bila presi kukaza, ganda limekwisha. Ukikuta kitobo katikati ya alama ya pini, simama, angalia ncha ya pini kama imeliwa na gesi, kisha rudi kwenye jedwali.

Mstari mmoja wa masizi wa wima shingoni kwa ganda moja tu kati ya hamsini: geuza ganda kwenye mwanga, utakuta ufa. Mstari uleule kwenye kila ganda na mahali palepale pa chemba: chemba ina mkwaruzo, mpelekee fundi.

---

FundiMtutu amejibu:

Na kusafisha, kwa kuwa ataanza kuyasugua leo usiku.

Futa shingo kwa kitambaa kabla ya kupitisha kwenye dai. Masizi yana punje ngumu, yanakwaruza dai, kisha dai inakwaruza kila ganda linalofuata. Kwa mengi, tumia pipa la kuzungusha lenye maganda ya tunda la jozi yaliyosagwa, au la maji lenye sindano za chuma kisichoshika kutu. Ukitumia sindano, hesabu kwa macho kila ganda: sindano mbili zilizokwama kwenye tundu linalopitisha moto wa fataki zinauziba.

Dawa ya kung'arishia shaba yenye amonia usiiguse. Amonia inapasua shaba iliyo na mkazo. Waingereza walikutana na hilo India, risasi zilizowekwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa masika zilipasuka zenyewe, na sababu ikaja kuelezwa mwaka 1921. Mkojo wa farasi ulikuwa unatoa amonia.

Vumbi la pipa kavu lina madini ya risasi, yale ya sumu, yanatoka kwenye kemikali ya fataki. Lifungulie nje, vaa glavu na barakoa, lisipepetwe jikoni. Nawa kwa sabuni na maji baridi kabla ya kushika chakula, na nguo za uwanjani zisifuliwe na za watoto.

---

Mlenga_Shabaha ameandika:

Nimekwangua kwa klipu. Manane mengine yamenasa, yote nimeyaponda. Dai nimeipandisha, sasa bega linashuka 0.0015. Ganda lisilo na kasoro ila lina kibonyeo begani, nalo nitupe?

---

Shaba70 amejibu:

Kibonyeo kikiwa cha mviringo, hakina kona kali wala ufa, likipigwa kwa presha ya kawaida kitanyooka chenyewe. Kikiwa kimekunjika na kuacha mstari mkali, tupa. Ila pitisha klipu kwanza, na usilipige kwa kile kipimo cha zamani.